Kufunga gesi ya LPG kwenye gari ya zamani ya petroli: anza na injini, kit baadaye

Mtu akitaka kufunga gesi kwenye gari swali la kwanza utakalosikia ni "kit ipi nzuri", na mi naona hilo lilitakiwa liwe swali la nne huko, maana kit (seti ya vifaa vya kufungia gesi) karibu zote zenye viwango zinafanya kazi. La kwanza ni injini yako ina hali gani. Gari ya zamani ikiwa kwenye petroli inavumilia mengi sana, plagi zimechoka, waya za plagi zinavujisha umeme, rejeta imeziba nusu, vali moja imeanza kubana, na bado inawaka asubuhi na inakufikisha unakokwenda. Ukiiweka kwenye gesi ule uvumilivu unaisha. Misi (silinda kukosa kuwaka) ndogo uliyokuwa huisikii inakuwa misi kubwa, afu lawama zote anapewa fundi wa gesi wakati ugonjwa ulikuwepo siku nyingi.

Hii gesi yenyewe ikoje

LPG ni propani na butani zimechanganywa, na kiasi cha kila moja kinabadilika kutokana na mahali na msimu, sehemu za baridi wanaongeza propani kwa sababu propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri wakati butani inagoma kugeuka hewa ikikaribia sifuri tu. Ndani ya mtungi inakaa kama maji kwa sababu ya presha, na presha yenyewe si ya kutisha, propani tupu kwenye nyuzi 20 ni kama bar 8, ikiwa na butani nyingi inashuka zaidi. Usiichanganye na CNG. Ile ni methani inayobanwa mpaka bar 200, mtungi wake mwingine, mabomba mengine, regyuleta nyingine, usije ukauziwa kifaa cha huku ukafunga kule kwa sababu tu nati imeingia.

Kitu cha kushika kichwani muda wote wa kazi: hii gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa, propani mara moja na nusu hivi, butani mara mbili. Haipandi juu ikapotea. Inashuka, inajikusanya kwenye shimo la gereji, kwenye mtaro, chini ya kapeti la gari, kwenye kishimo cha tairi la spea, na inatosha hewa iwe na asilimia 2 hivi ya gesi, hapo cheche moja tu inawasha. Lita moja ya maji ya gesi ikitoka nje inakuwa karibu lita 250 za hewa ya gesi, kwa hiyo tone dogo si dogo. Masharti mengi ya ufungaji nitakayoyataja huko chini yametokana na hilo.

Piga hesabu kabla hujatoa hela

Lita ya LPG ina nguvu pungufu kuliko lita ya petroli, gari itakunywa zaidi, kawaida asilimia 20 mpaka 30 juu. Inayokula lita 10 za petroli kwa kilomita 100 ihesabie lita 12 hadi 13 za gesi. Maana yake lita ya gesi ikiwa inauzwa asilimia 80 ya bei ya petroli hamna unachookoa, unajisumbua, ikiwa nusu ya bei hapo kuna maneno. Chukua gharama ya petroli kwa kilomita 100, toa gharama ya gesi kwa kilomita hizo hizo, kinachobaki ndo unachookoa kila kilomita 100. Gharama yote ya kufunga, na weka humo ukaguzi na yale matengenezo ya injini ninayoyasema hapa chini, igawanye kwa hicho ulichopata, utajua ni kilomita mia ngapi mpaka hela irudi. Sasa jiulize kwa ukweli kama bodi na gia boksi ya hiyo gari zitafika huko.

Kama safari zako ni za dakika tano tano, kwenda dukani na kurudi, achana na gesi. Mifumo mingi inawasha gari kwa petroli kwanza na kusubiri maji ya injini yapate moto ndo ihamie gesi, utafika unakokwenda kabla haijahama.

Injini kwanza

Anza na umeme wa plagi. Mchanganyiko wa gesi na hewa unahitaji umeme mkubwa zaidi ili cheche iruke, koili na waya zinazotosha kwa petroli zinaweza zisitoshe. Kipimo rahisi kuliko vyote: usiku, gari inanguruma, taa za boneti zimezimwa, chukua chupa ya kupuliza yenye maji upulizie ukungu mwembamba juu ya waya za plagi na kifuniko cha distribyuta, usishike kitu kwa mkono. Ukiona vicheche vya bluu vinatambaa juu ya waya au vinaruka kwenda kwenye chuma, hizo waya zimekwisha, badilisha zote seti nzima pamoja na plagi, na kifuniko na rota kama vina alama nyeusi ndani. Gepu ya plagi punguza kidogo, kama kitabu kinasema milimita 1 weka 0.8 hivi. Plagi za bei mbaya zilizoandikwa "kwa ajili ya LPG" sio lazima, plagi mpya sahihi ya injini yako yenye gepu nzuri inatosha, ila utaibadilisha mapema zaidi. Kama distribyuta yako bado ni ya pointi, hakikisha pointi na kapasita ni nzima, na mi ningeshauri kabisa uhamie ya elektroniki kama ipo ya injini yako.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Kwa sababu ya bekifaya. Kwenye mfumo wa miksa, kile kifaa cha kuchanganya gesi na hewa kwenye kabureta, vinachanganyika mapema, kwa hiyo manifodi yote ya hewa (mabomba ya kupeleka hewa kwenye silinda) imejaa mchanganyiko unaoshika moto. Silinda moja ikikosa cheche, au cheche ikatokea mahali pasipo pake, moto unarudi nyuma na kulipuka humo humo kwenye manifodi, mfuniko wa filta ya hewa unaruka, mpira wa hewa unapasuka, na kama kuna sensa ya hewa ya ule mlango unaofunguka inapinda na ndo basi. Manifodi ya plastiki inaweza kupasuka vipande. Kuna valvu za kutoa mlipuko zinazofungwa kwenye njia ya hewa, zifunge kama unatumia miksa, lakini hizo zinapunguza hasara tu, dawa ni umeme mzuri na mchanganyiko usiwe mwepesi, yaani wenye gesi chache.

Halafu maji. Regyuleta ya gesi, ile inayoshusha presha na kugeuza maji ya gesi kuwa hewa, inapashwa joto na maji ya injini, kwa hiyo rejeta iliyoziba, thamostati iliyokwama wazi, gasketi ya hedi inayoingiza mapovu kwenye maji, vyote vitakuja kukusumbua kama "tatizo la gesi". Thamostati ikikwama wazi injini haipati moto vizuri na gari haihamii gesi, au inahama halafu regyuleta inaganda barafu. Gari inayochemsha kwenye petroli usiipeleke kufunga gesi kabisa.

Pima kompresheni ya kila silinda. Namba ikiwa chini kidogo kwa zote si mbaya sana, shida ni moja ikiwa mbali na wenzake. Na hapa ndo tunafika kwenye jambo linaloua injini nyingi za zamani zikiwekwa gesi: siti za vali, yaani pale vali inapokalia ikifunga.

Petroli ya zamani ilikuwa na madini ya risasi, na pamoja na ubaya wake wote ile risasi iliacha utando kwenye siti za vali za eksosi uliozuia chuma kusagana na chuma. Injini nyingi za enzi hizo siti zake zilichongwa tu kwenye chuma laini cha hedi. Gesi ni kavu, haina kitu cha kulainisha siti, kwa hiyo vali inaanza kuzama kidogo kidogo ndani ya siti yake. Ikizama, klirensi ya tapeti (ile nafasi ndogo inayoachwa juu ya vali) inapungua badala ya kuongezeka, na ndo maana watu hawashtuki, kwa sababu tapeti zilizobana hazipigi kelele, injini inakuwa kimya na tamu kuliko mwanzo! Mpaka siku vali inashindwa kufunga kabisa, moto unapita pembeni yake, inaungua. Sio injini za zamani tu, hata za miaka ya karibuni zipo zenye siti laini.

Cha kufanya ni kupima tapeti zote kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kabla ya kufunga gesi, uandike namba za kila vali kwenye karatasi ukae nayo. Pima tena baada ya kilomita 5,000. Zisiposogea unaweza kwenda 15,000 au 20,000 kabla ya kupima tena. Zikisogea za eksosi tu, injini yako ni ya siti laini, hapo una njia mbili: kifaa cha kudondosha kimiminika cha kulinda vali kwenye njia ya hewa, ambacho kinapunguza mwendo wa kuzama lakini hakizuii, au kupeleka hedi kwa watu wa mashine wakuwekee siti ngumu, na hiyo ni kazi ya mara moja. Kama hedi inashuka kwa sababu nyingine yoyote, gasketi tuseme, na una mpango wa gesi, weka siti ngumu hapo hapo usiahirishe. Injini zenye tapeti za mafuta zinajirekebisha zenyewe, huwezi kupima kwa fila, utategemea kompresheni.

Mwisho, na hii ni kwa gari za injekta: gari itembee vizuri kwenye petroli. Kompyuta ya gesi ya kisasa haifikirii sana, inasoma amri ambayo kompyuta ya gari inaipa injekta ya petroli, inaizidisha kidogo na kuituma kwa injekta ya gesi. Petroli ikiwa na hitilafu, taa ya injini inawaka, sensa ya oksijeni imekufa, hiyo hitilafu inatafsiriwa kwa gesi vile vile. Zima taa kwanza.

Mfumo gani unakufaa

Gari ya kabureta inachukua mfumo wa miksa, wa zamani, rahisi, vitu vichache: regyuleta, miksa inayokaa juu au chini ya kabureta, solenoidi (valvu ya umeme) ya kukata petroli, solenoidi ya gesi yenye filta, na swichi. Gari yenye injekta moja moja kwa kila silinda iwekee injekta za gesi, sio miksa, hata kama miksa ni rahisi kwa bei. Kati kati hapo kuna zile za injekta moja tu iliyokaa kama kabureta, hizo zinakubali miksa yenye mota ndogo inayorekebisha gesi kwa kufuata sensa ya oksijeni, lakini lazima kuwe na kifaa cha kudanganya kompyuta kwamba injekta ya petroli bado ipo kazini.

Majina utakayokutana nayo sana ni BRC, Landi Renzo na Lovato za Italia, Prins ya Uholanzi, STAG ya Poland. Zaidi ya jina angalia kama sehemu zake, filta na kit ya kukarabati regyuleta, vinapatikana unakoishi, na kama kuna fundi ana programu ya kuiseti. Kit nzuri isiyo na mtu wa kuiseti ni mzigo.

Mtungi, na sehemu ambayo si ya kujifunzia

Hapa niseme wazi. Kukagua injini, kubadilisha plagi, kutoa manifodi, kufunga regyuleta kwenye mpira wa maji, mtu mwenye mkono wa ufundi anaweza. Mtungi, bomba la presha na kupima uvujaji viwe mikononi mwa fundi mwenye cheti, na nchi nyingi hata sheria inataka hivyo, bila karatasi ya fundi na ukaguzi gari haisajiliwi kuwa ya gesi na bima ikitokea ajali ina pa kukukatalia. Waambie bima mapema. Haya ninayoyaandika kuhusu mtungi ni ili ujue cha kuangalia kazi ikiwa inafanyika au imekwisha.

Mtungi uwe wa gari, wenye alama ya 67R-01, yaani umepita Kanuni namba 67 ya Umoja wa Mataifa. Mtungi wa jikoni hapana, hata siku moja, hata kwa muda. Ule unatoa hewa ya gesi kutoka juu, wa gari unatoa maji ya gesi kutoka chini kwa bomba la ndani, tena wa gari una kifungio cha kuzuia usijae zaidi ya asilimia 80, una valvu inayojifunga bomba likikatika ghafla, na valvu ya usalama inayofunguka kwenye bar 27. Ile asilimia 20 inayobaki wazi sio hasara, maji ya gesi yanatanuka sana yakipata joto, yakikosa nafasi hamna chuma kitakachoyabana. Mtungi wa lita 50 basi hesabu lita 40.

Mviringo wa kukaa kwenye kishimo cha spea haukuli nafasi ya buti, ule mrefu unabeba zaidi. Valvu ya mtungi lazima ilingane na kipenyo cha mtungi na pembe yake, nyuzi 0 au 30, ukiweka isiyo yake geji itadanganya na kile kizuizi cha asilimia 80 kitafunga pasipo pake. Mtungi ukiwa ndani ya gari, valvu zake zifunikwe na boksi lisilopitisha hewa lenye mipira miwili mipana inayotokea nje chini ya gari. Hiyo mipira hata ukiikuta inakusumbua mizigo usiitoe!

Kufunga kwenyewe, mtungi ushikwe na mikanda ya chuma na bolti zilizopita bodi zikiwa na vibati vipana chini, kwa sababu kanuni inataka ustahimili nguvu ya mara 20 ya uzito wake kuelekea mbele na mara 8 kwa pembeni. Gari ya zamani ina kutu, na kutu ndo adui hapa. Chukua bisibisi uchokonoe bati la chini ya buti kabla ya yote, likitoboka peleka kwa wa kuchomelea kwanza.

Bomba la kwenda mbele ni la shaba lililovikwa plastiki, milimita 6 au 8, au lile la plastiki maalum linalopinda, lote moja bila kiungo katikati. Linapita chini ya gari, si ndani, mbali na eksosi, na mahali ambapo jeki au jiwe halitaligonga, klipu za karibu karibu lisicheze, kila linapopita kwenye tundu la bati pawe na mpira. Likifika kwenye injini la shaba linazungushwa mzunguko mmoja au miwili kama springi kabla ya kuingia kwenye solenoidi, ili mtikisiko wa injini utulizwe hapo na sio kwenye nati. Ukikuta limenyooshwa moja kwa moja mpaka kwenye nati, rudisha gari, litapasuka hapo hapo shingoni.

Mdomo wa kujazia kuna aina nne kubwa duniani, uliza pampu za unakotembea zinatumia ipi kabla hujatoboa bodi, adapta zipo lakini kila siku kufunga adapta kunachosha.

Regyuleta na maji

Ifunge kwenye bodi ya gari, sio juu ya injini, karibu na mipira ya hita. Iwe chini kuliko kiwango cha juu cha maji ya rejeta, ikiwa juu hewa itajikusanya ndani yake na haitapata moto. Zile za miksa zina ngozi kubwa ya mpira ndani, iweke ngozi ielekee sambamba na urefu wa gari, ukiifunga kinyume kila ukifunga breki ngozi inasukumwa na injini inataka kuzima, na utatafuta hilo tatizo mpaka uchoke.

Maji yanachukuliwa kwa viungo vya T kwenye mpira wa kwenda na wa kurudi wa hita. Ukimaliza toa hewa yote, washa mpaka feni ya rejeta izunguke, shika mipira yote miwili ya regyuleta, iwe ya moto. Mmoja ukiwa wa baridi kuna hewa au umefunga sehemu isiyo na mzunguko. Regyuleta isiyopata moto utaiona mwenyewe, inaanza kutoka jasho, halafu utando mweupe wa barafu unatambaa kuanzia upande gesi inapoingilia, injini inakosa nguvu, na maji ya gesi yasiyogeuka hewa yanaweza kwenda mpaka kwenye miksa au injekta.

Kutoboa manifodi

Kwa mfumo wa injekta kila mlango wa manifodi unatobolewa, tundu la milimita 5 kisha unachonga nyuzi za M6 kwa nozeli. Vua manifodi uitobolee mezani, kuna watu wanatoboa ikiwa juu ya injini wakipaka grisi kwenye keekee eti ikamate vumbi la chuma, kwa injini ya mwenzio labda. Matundu yawe umbali sawa kutoka kwenye hedi, karibu na vali, yameinamia upande hewa inakokwenda. Mipira kutoka injekta ya gesi mpaka nozeli iwe mifupi, sentimita 15 au chini, na yote iwe na urefu mmoja, mmoja ukiwa mrefu ile silinda haitakubali kuseti na wenzake. Tundu la nozeli linachaguliwa kwa nguvu ya injini kwa kila silinda, jedwali linakuja na kit, lifuate.

Umeme

Waya za injekta za petroli zinakatwa na kupitishwa kwenye kompyuta ya gesi, kila silinda kwa waya wake, ukizichanganya gari itawaka lakini itatembea vibaya. Unganisha kwa risasi ya kuchomelea na mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, usisokote ukapiga seloteipu, kwenye gari ya zamani waya nyingine zimekauka zinavunjika, hizo kata mpaka ufike kwenye shaba safi. Umeme mkuu uchukuliwe kwenye betri na fyuzi yake, ishara ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) kwenye koili.

Kwa kabureta swichi ina sehemu tatu, petroli, katikati, gesi. Ukihama petroli kwenda gesi unaweka katikati kwanza, solenoidi zote zimefunga, gari inamalizia petroli iliyo kwenye bakuli la kabureta, ikianza kukohoa tu unasukuma kwenye gesi. Ukiruka hiyo hatua injini inapata petroli na gesi kwa pamoja inazama. Na jaribu hili kabla ya kukubali kazi: gari ikiwa kwenye gesi izimishe kwa kuachia klachi huku swichi ya ufunguo ikiwa ON. Ndani ya sekunde chache usikie "tak" ya solenoidi zikifunga zenyewe. Zisipofunga gari ikipinduka injini imezima gesi itaendelea kuja, usiichukue.

Kupima uvujaji

Nje kwenye upepo, sio ndani ya gereji na sio juu ya shimo. Wenye vifaa wanaanza na naitrojeni, vinginevyo lita chache tu za gesi kwanza. Maji ya sabuni yenye povu zito, brashi ndogo, kila nati kuanzia mdomo wa kujazia, valvu za mtungi, solenoidi, mpaka regyuleta. Usiangalie haraka haraka. Uvujaji mdogo hautoi povu kubwa, unatoa kile kirundo cha vipovu vidogo vyeupe vinavyojijenga taratibu kama dakika moja baadae, ukishapita pale huvioni. Kiberiti kamwe. Rudia baada ya kilomita elfu moja hivi, nati za shaba zinalegea kidogo zikishazoea mtikisiko.

Kuseti

Kabureta: injini iwe ya moto kabisa, rekebisha sailensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) kwanza kwenye regyuleta, halafu shika RPM 3,000 na uanze kufunga skrubu iliyo kwenye mpira mkubwa wa gesi polepole mpaka injini ianze kushuka, fungua mpaka irudi juu na utulie, ongeza kidogo sana, funga nati. Ukipata mashine ya kupima moshi tumia. Usiiache nyepesi ili uokoe gesi, mchanganyiko mwepesi ndo unaochoma vali na ndo unaoleta bekifaya. Gesi inaungua taratibu kuliko petroli kwenye mizunguko ya chini, kwa hiyo taimingi ikisogezwa mbele nyuzi chache gari inachangamka, lakini ukiwa bado unatumia petroli sikiliza isianze kugonga, ikigonga rudisha.

Injekta: programu inajiseti yenyewe gari ikiwa sailensa, lakini hiyo ni mwanzo tu, fundi anayekukabidhi gari hapo hajamaliza. Lazima itembezwe barabarani na laptopu, kwanza petroli halafu gesi, barabara ile ile mzigo ule ule, na muda wa kufunguka ambao kompyuta ya gari inaiamuru injekta ya petroli ubaki karibu sawa pande zote mbili. Kama ilikuwa milisekunde 4 kwenye petroli na ikihamia gesi kompyuta ya gari inaongeza mpaka 5, gesi ni chache. Marekebisho ya muda mrefu ya kompyuta yakikaa ndani ya asilimia 5 juu au chini, imekaa vizuri. Nguvu kupungua kidogo ni kawaida, kwenye miksa zaidi, ikipungua sana kuna kitu.

Ukishaanza kuitumia

Robo tenki ya petroli ibaki siku zote. Kwenye gari nyingi za injekta pampu ya petroli inaendelea kuzunguka hata ukiwa kwenye gesi na inapozwa na petroli hiyo hiyo, ikikauka inaungua. Tembea na petroli kilomita kadhaa kila wiki, injekta zisizotumika zinaziba, na petroli iliyokaa miezi inaharibika. Filta ya hewa iangalie mara kwa mara, kwa miksa ikiziba gari inanywa gesi kama haina akili nzuri. Filta za gesi badilisha kila kilomita 10,000 hadi 20,000 kutegemea usafi wa gesi unayopata, funga valvu ya mtungi na umalizie gesi iliyo kwenye bomba kabla ya kufungua. Regyuleta nyingi zina skrubu chini ya kutoa yale mafuta meusi mazito, yatoe injini ikiwa bado ya vuguvugu. Oili usidanganywe kwamba haihitaji kubadilishwa kwa sababu inabaki safi kwa macho.

Ukisikia harufu ya gesi ndani ya gari, ile ya kama vitunguu vilivyooza ambayo wanaichanganya makusudi, simama, zima, fungua milango yote, funga valvu ya mtungi kwa mkono, usiwashe taa wala swichi yoyote mpaka harufu iishe. Harufu ya muda mfupi wakati wa kuchomoa pampu ni kawaida. Ya asubuhi gari ikiwa imelala, sio.

Mtungi una tarehe yake, nchi nyingi zinataka upimwe upya au ubadilishwe baada ya miaka 10, soma kibati. Maegesho mengine ya chini ya ardhi hayaruhusu gari za gesi. Na ukipeleka gari kupigwa rangi mwambie fundi kuna mtungi kabla hajaiingiza kwenye chumba cha kukaushia, maana kwenye nyuzi 70 presha ya propani inafika bar 25 hivi na valvu ya usalama inafunguka 27, kwa hiyo nenda ukiwa umetumia gesi karibu yote au mtungi utolewe kwanza.